Kupeleka mahindi yako mwenyewe Namanga kutokea Dodoma, hatua kwa hatua kwa anayeanza

Kila msimu wa mavuno maswali ni yale yale. "Naweza kuvusha gunia thelathini bila kuwa na kampuni?" "Ushuru wa Kenya ni shilingi ngapi kwa gunia?" "Kuna jamaa yuko mpakani anasema nimtumie laki mbili anivushie, nimtumie?" Nimejibu kwenye simu, nimejibu kwenye magrupu ya wasapu, na juzi tena pale soko la Kibaigwa mama mmoja katokea Mpwapwa akanisimamisha nikiwa nimeshika bambo mkononi nachokoa sampuli, tukaongea karibu saa nzima. Nikaona niandike yote hapa, ukisoma ukabaki na swali basi uliza, lakini soma kwanza.

Naandika kwa mtu wa mzigo mdogo. Una gunia 20, 50, 70, zako au mmeunganisha na wenzio kwenye kikundi, na umechoka kumuuzia dalali anayekuja na Fuso, anakupangia bei, alafu wiki ijayo unasikia ameuza Namanga kwa bei ambayo hata wewe ungeipata. Inaniuma kila nikiona hivyo, kwa sababu sheria ya kumwezesha mkulima wa Kongwa au Chemba auze mwenyewe ipo miaka mingi, watu hawaijui tu.

Kitu kimoja ukishike toka mwanzo: mzigo unavuka mpaka ukiwa bado uko stoo Dodoma. Namanga ni pa kukaguliwa na kugongewa muhuri. Karatasi ambayo hukuitafuta huku, ukienda kuitafutia kule utailipia mara tatu, na mahindi yako yanakaa juani yakikusubiri.

NADHARIA KIDOGO SANA

Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005. Maana yake kwako ni kwamba mahindi yaliyolimwa Tanzania yakiingia Kenya hayalipiwi ushuru wa forodha, sharti uthibitishe kweli yamelimwa Tanzania. Uthibitisho wenyewe unaitwa cheti cha uasili. Mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani una cheti chake, cheti rahisi cha uasili, unajaziwa pale pale forodha mpakani, ni bure, na huhitaji wakala wa forodha. Ukizidi hapo unaingia kwenye utaratibu wa kawaida, unatafuta wakala.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotelea. Hicho cheti kinakuondolea ushuru wa forodha PEKE YAKE. Hakikuondolei ukaguzi wa mimea, hakikuondolei kipimo cha sumukuvu (sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka), hakikuondolei uhamiaji. Mtu anasikia "chini ya dola elfu mbili ni bure" anapakia anaondoka, alafu anapiga simu analia yuko Namanga.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAKODI GARI

- TIN (namba ya mlipa kodi) na leseni ya biashara. Kama ni kikundi, usajili wa kikundi.
- Kibali cha kusafirisha mazao nje ya nchi, kinaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa Wizara ya Kilimo unaoitwa ATMIS.
- Cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.
- Majibu ya maabara ya sumukuvu.
- Stakabadhi za halmashauri za mahali ulikonunulia, na risiti ya mauziano kama sio mahindi ya shamba lako.
- Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho, sisi hatumo kwenye mpango huo.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wanaweza kukudai wakati wa kurudi.
- Mnunuzi mwenye vibali vyake upande wa Kenya. Hili nitalirudia.
- Hela ya akiba ya gari kulala siku mbili. Usiende na hela ya kufika tu.

HATUA ZENYEWE

1. Angalia kalenda ya Kenya, sio ya kwako peke yake

Sisi Dodoma tunavuna mwezi wa tano mpaka wa saba. Kenya ghala lao kubwa ni kule Bonde la Ufa kaskazini, Trans Nzoia na Uasin Gishu, na wao mavuno makubwa yanaanza kuingia sokoni kuanzia mwezi wa kumi. Kwa hiyo mlango wako mzuri ni mwezi wa saba mpaka wa tisa hivi, mahindi yako yameshakauka na ya kwao hayajatoka. Ukichelewa mpaka wa kumi na moja unakutana na mahindi mapya ya Kitale, huko huko Trans Nzoia, bei inalala. Ukiwahi sana, mwezi wa tano, unapeleka mahindi mabichi na hapo una tatizo lingine kubwa zaidi ya bei.

2. Tafuta mnunuzi kwanza, na mkubaliane kwa KILO

Usipakie ukitegemea utampata mtu mpakani. Wapo, lakini wanaokusubiri mpakani wanajua huwezi kurudi na mzigo Dodoma, na bei watakayokupa ni ya mtu asiyeweza kurudi.

Muulize mnunuzi maswali mawili kabla ya bei. La kwanza, una kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, ile mamlaka ya afya ya mimea ya Kenya? La pili, umesajiliwa kama mwingizaji wa mahindi? Hili la pili lina historia. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya walizuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie kwa sababu ya sumukuvu, siku chache baadaye, tarehe 10, wakaruhusu tena kwa masharti: mwingizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya kiwango, na ionekane ulikotoka. Malori yalipanga foleni Namanga, na mpaka Rais Samia alipoenda Nairobi mwezi wa tano mwaka ule ndio mambo yakalainika kabisa. Mnunuzi akikujibu "wewe njoo tu tutaongea", achana naye.

Alafu hesabu ya gunia. Kwetu gunia ni kilo 100. Wao gunia la mahindi ni kilo 90. Akikwambia gunia 3,600 za Kenya anamaanisha kilo 90, yaani 40 kwa kilo. Ukimpa gunia lako la kilo 100 kwa bei hiyo umempa kilo kumi bure, kwenye gunia 70 ni kilo 700, hizo ni gunia saba zako umeziacha pale mpakani ukiwa unacheka. Huko madukani kwao wanapima kwa gorogoro, kile kikopo cha kama kilo mbili, kwa hiyo mwenzio anajua kabisa kila kilo inampa nini. Andika kwenye meseji: bei kwa kilo, kilo ngapi, unyevu asilimia ngapi, nani analipa makuli wa kushusha, hela inalipwa lini. Meseji itunze.

3. Piga hesabu ya dola 2,000

Tuseme dola ni shilingi 2,500, basi kikomo chako ni milioni 5. Tuseme gunia la kilo 100 ni shilingi 70,000, milioni 5 inabeba gunia 71. Hiyo ni tani saba, Fuso moja inatosha. Weka bei ya siku hiyo sio ya kwenye mfano wangu.

Kosa kubwa: watu wanne wanajaza semi moja tani 28 alafu kila mmoja anaomba cheti rahisi chake, wakati mahindi ni ya tajiri mmoja. Maofisa wanaona hayo kila siku. Wakiona mzigo umekatwakatwa makusudi wanaurudisha wote kwenye utaratibu wa kawaida, na unaweza kupigwa faini. Kama kweli ni wanne na kila mtu ana gunia zake, basi kila mtu awe na karatasi zake kwa jina lake na gunia zake ziwe na alama. Sisi tunatumia uzi wa rangi tofauti kushonea mdomo wa gunia, mwekundu wa huyu, bluu wa yule.

4. Kausha. Kausha. Kausha.

Hapa naomba unisikilize hata kama mengine utayaruka. Mwaka 2016 huku kwetu, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Watoto. Mahindi yalikuwa yanaonekana mazuri tu kwa macho. Kwa hiyo usione kipimo ni usumbufu wa Wakenya, sumu ile ile ingebaki ingeliwa na wanao.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu jumla isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni moja, ile ya aina ya B1 isizidi 5. Kufika hapo:

Anika kwenye turubali, sio chini kwenye udongo. Tabaka liwe jembamba, geuza kila baada ya saa moja au mbili, jioni funika usiache umande ukaingia. Ukipukuchua kwa kupiga na fimbo unavunja punje, na punje iliyovunjika ndiko kuvu anakoingilia, bora mashine. Chagua kwa mkono: zilizopasuka, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizotobolewa na dumuzi, toa zote. Zilizooza usimpe kuku wala usipikie pombe, sumu haiondoki kwa kupika.

Kupima unyevu, kipimo chenyewe ni mita, ulizia kwenye ghala la chama cha ushirika au kwa wanunuzi wakubwa Kibaigwa watakupimia. Kama huna, chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, jaza mahindi kama theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, yako juu ya asilimia 15. Isipoganda yako chini ya 15. LAKINI chini ya 15 sio 13.5. Chumvi inakwambia usiende, haiwezi kukwambia nenda. Mimi chumvi ikikubali naanika siku mbili zaidi alafu ndio natafuta mita.

5. Sampuli

Usichote sampuli kwenye gunia la juu peke yake. Sumukuvu haikai sawasawa, gunia moja linaweza kuwa safi na la pili yake limechafuka. Piga bambo kwenye gunia nyingi, juu, katikati na chini ya rundo, changanya kwenye turubali safi, gawa mafungu manne, toa robo, changanya tena, mpaka ubaki na kiasi wanachotaka maabara. Ofisi ya TBS (shirika la viwango) Dodoma watakwambia sampuli inapimwa wapi, shilingi ngapi na siku ngapi, uliza hayo matatu ukiwa hujakodi gari.

Majibu yakija mabaya usiende maabara nyingine kutafuta majibu mazuri. Rudi kwenye magunia.

6. Vibali, kwa mpangilio huu

Anza na kibali cha mnunuzi kutoka KEPHIS, akutumie nakala, kwa sababu kinaeleza masharti ambayo mkaguzi wa huku atayaangalia. Kisha omba kibali cha kusafirisha mazao kwenye ATMIS. Kisha mwite mkaguzi wa TPHPA auone mzigo ukiwa STOO, kabla ya kupakia, akuandikie cheti. Malipo yote ya serikali ni kwa namba ya malipo, control namba, unalipa kwa simu au benki unapata risiti. Mtu akikupa namba yake binafsi ya simu ulipie kibali, hapo hakuna kibali.

Jina liwe moja kwenye kila karatasi, na herufi zilingane. Mwenzangu mmoja kibali kilisema mahindi meupe gunia 60, cheti kikasema gunia 65 kwa sababu aliongeza tano siku ya mwisho, akalala siku mbili kwa ajili ya gunia tano.

Na kama mnunuzi wako Mkenya anataka kuja mwenyewe mpaka shambani kununua kwa wakulima, mwambie hapana. Amri ya Julai 2025 imezuia asiye raia kufanya biashara ya kununua mazao shambani, na Mtanzania anayemsaidia kufanya hivyo naye anaadhibiwa. Wewe nunua, wewe uza, jina lako.

7. Kufunga na kupakia

Magunia mapya au masafi ya salfeti, sio yaliyobeba mbolea. Hakuna lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, Wakala wa Vipimo watakushika huku huku hujafika hata Kondoa. Pima kila gunia, andika kilo kwa maka pen. Ndani ya bodi, chini weka turubali, juu weka turubali, hata kama ni kiangazi. Asubuhi Longido kuna ukungu.

8. Njiani

Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, Longido, Namanga. Lami yote. Kwenye mizani simama hata kama Fuso yako unaona nyepesi, sheria ya uzito ni ya Afrika Mashariki nzima na inaangalia ekseli, sio uzito wa jumla tu, kwa hiyo mzigo ukirundikwa nyuma unaweza kuzidi kwenye ekseli moja. Stakabadhi za ushuru wa halmashauri ziwe mkononi sio chini ya mzigo, maana kwenye mageti ndio zinaulizwa.

Dereva umpe nakala, karatasi halisi ubaki nazo wewe na usafiri nazo. Na piga picha kila karatasi.

9. Mpakani

Namanga ni kituo cha pamoja, marais Magufuli na Kenyatta walikizindua Desemba 2018. Utaratibu wake unawachanganya wageni: ukitoka Tanzania unapita jengo la Tanzania unaenda moja kwa moja jengo la upande wa Kenya, huko ndani maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, wa kwetu anakugongea kutoka, wa kwao anakugongea kuingia. Usisimame nje kwa vijana wanaokimbilia gari wakisema "leta karatasi mzee". Funga mlango, endelea.

Ndani: uhamiaji, kisha forodha TRA, hapo ndipo unaomba kujaziwa cheti rahisi cha uasili, kisha ukaguzi wa mimea na viwango wa upande wa Kenya, kisha KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Sema wazi neno lenyewe, "naomba cheti rahisi cha uasili, mzigo wangu hauzidi dola elfu mbili". Usipokitaja, unaweza kuelekezwa kwa wakala kama mzigo mkubwa. Fika asubuhi. Ukifika saa kumi jioni Ijumaa umepanga kulala.

10. Hela

Kabla gunia halijashuka mpate kuelewana hela iko wapi. Mimi napendelea nusu kabla ya kushusha na nusu baada ya kupima. Ukilipwa shilingi za Kenya taslimu, badilisha benki au biroo yenye leseni, sio kwa kijana aliyesimama na bunda la noti barabarani, hata kama anakuongezea senti mbili tatu. Hesabu za mtaani zinafanywa haraka haraka makusudi.

UKIKWAMA

Wamekataa cheti rahisi. Uliza sababu moja tu: thamani imezidi, au bidhaa haipo kwenye orodha ya zinazopewa cheti hicho, au hawajaridhika na asili yake? Kila moja ina dawa yake. Thamani ikizidi kidogo kwa sababu dola imepanda, unatafuta wakala mzigo uende kawaida, usianze kuficha gunia. Asili ndio zile stakabadhi za halmashauri na risiti za mauziano.

Cheti cha usafi wa mimea kimesahaulika. Yaliwahi kunikuta safari yangu ya kwanza, kosa langu, nilidhani majibu ya maabara yanatosha. Siku nne. Siku ya tatu nikaingiza mkono kwenye gunia la katikati, lilikuwa na joto kama uji uliopoa nusu, na ile harufu ya uchachu ikaanza. Tulishusha gunia zote, tukafungua midomo, tukageuza kwa koleo kwenye uwanja wa kukodi. Likikukuta, fanya hivyo siku ile ile ya kwanza, usisubiri ya tatu, na wasiliana na ofisi ya TPHPA iliyo karibu, usinunue karatasi mtaani.

Vipimo vyao vimetofautiana na vya kwako. Inawezekana, kwa sababu ya sampuli. Omba sampuli ichukuliwe tena mbele yako kutoka gunia nyingi, na omba majibu kwa maandishi.

Unadaiwa tozo usiyoielewa. Omba risiti yenye jina la tozo. Ukiona ni kikwazo kisicho halali, jumuiya za kikanda za EAC (yetu ya Afrika Mashariki), COMESA na SADC (ya kusini mwa Afrika) wana mfumo wa pamoja wa kuripoti vikwazo vya biashara, tradebarriers.org, unaandika ulichodaiwa, wapi na tarehe. Mikoa na kaunti za mpakani zina vikao vya ujirani mwema, na hoja za huko hazianguki kutoka mbinguni, zinatoka kwa watu walioandika.

Unataka kwenda Zambia au Malawi badala ya Kenya. Hiki cheti rahisi cha uasili ni cha nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunduma na Kasumulu unaingia kwa mkondo wa SADC, karatasi nyingine. Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga cheti kinafaa, na kwa mtu wa Dodoma barabara ya Singida, Nzega, Kahama inakupeleka huko.

Mnunuzi amebadilisha bei ukiwa umeshafika. Mwonyeshe ile meseji. Akishikilia msimamo, mpigie mnunuzi wako wa pili, ambaye ulipaswa kuwa na namba yake toka Dodoma na anayejua mzigo unakuja, na usishushe hata gunia moja mpaka mmoja wao ametuma hela na simu yako imeita.